Sayyid Muhammad Rashid Rida, Mwenye Al-Manar

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), tumekusudia katika kurasa hizi kueleza maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa sana katika baraza zetu za pwani. Wako wamtajao kwa kumsifu, na wako wamtajao kwa kumlaumu. Na wengi katika makundi yote mawili hawajasoma hata ukurasa mmoja katika aliyoyaandika. Mtu huyo ni Sayyid Muhammad Rashid Rida, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Maulamaa waliotangulia waliitumikia dini kwa darasa, kwa mimbari na kwa vitabu. Sayyid Rashid aliyafanya yote hayo, lakini kazi iliyomfanya ajulikane kutoka Tunis mpaka Java ni gazeti. Alilitoa kwa muda wa miaka 37, tangu mwaka 1898 mpaka siku ya kufa kwake mwaka 1935, akiliandika sehemu kubwa kwa kalamu yake mwenyewe. Kwa hivyo anayetaka kujua ni nini khasa kazi ya gazeti katika umma, lina nguvu gani na gharama gani, na ni nani anayestahiki kulibeba, hatapata mfano ulio wazi kuliko maisha ya mtu huyu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwaka 1282 Hijria, sawasawa na mwaka 1865, katika kijiji cha Al-Qalamun kilicho kando ya bahari, karibu na mji wa Tarabulus wa Sham. Leo mji huo umo katika nchi ya Lebanon, lakini zama hizo Sham yote ilikuwa chini ya dola ya Kituruki ya Bani Uthman. Ukoo wao ni wa masharifu, na nasaba yao hufika kwa Sayyidna Husein bin Ali (r.a.). Baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa kijiji, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya wageni na maulamaa.

Alitiwa chuoni hapo kijijini, akasoma Qurani, khati na hesabu. Kisha akapelekwa skuli ya serikali mjini Tarabulus. Skuli hiyo ikisomesha kwa Kituruki, na makusudio yake yalikuwa kutoa makarani wa serikali. Naye hakutaka ukarani, basi akatoka baada ya mwaka mmoja. Akaingia katika madrasa ya Sheikh Husein Al-Jisr, mwanachuoni aliyeona kwamba Waislamu hawatainuka mpaka wasome elimu ya dini pamoja na elimu za dunia mahali pamoja. Humo zilisomeshwa fiqhi, Kiarabu na mantiki, na pamoja nazo hesabu, elimu ya maumbile, Kituruki na Kifaransa. Madrasa hiyo haikuishi, kwani serikali ilikataa kuihesabu katika madrasa za dini ambazo wanafunzi wake walisamehewa uaskari, ikalazimika kufungwa. Lakini Sayyid Rashid alibaki na mwalimu wake mpaka akapata ijaza kwake.

Katika ujana wake alipenda sana kitabu cha Ihyaa cha Imamu Ghazali, akakishika katika ibada zake na mwenendo wake. Akaingia katika tarika ya Naqshabandiya na kushika nyiradi zake. Inafaa wasomaji wetu wakijue jambo hili, kwani wako wadhanio kwamba aliyatukana mambo ya tarika bila ya kuyajua. Aliyajua kwa kuyaonja. Kilichomgeuza ni siku moja alipohudhuria mkusanyiko wa mafakiri wa tarika ya Mawlawiya mjini Tarabulus, akaona watu wakizunguka kwa ngoma na filimbi na kuyahesabu hayo kuwa ni ibada. Akasimama hapo hapo akakataza, kisha akatoka. Tangu siku hiyo akawa anapima kila ada kwa Qurani na Sunna kabla ya kuipima kwa umri wake au kwa heshima ya wanaoifuata.

Kijijini kwao alikuwa akiwasomesha watu msikitini. Alipoona kwamba wengi hawaji msikitini, aliwafuata mikahawani walikokaa, akawawaidhia huko. Baadhi ya watu waliona hayo ni kujishushia cheo, lakini ndiyo tabia iliyomfuata maisha yake yote, ya kuwafuata watu pale walipo.

GAZETI LILILOMGEUZA

Siku moja akipekua makaratasi ya baba yake alikuta nakala za gazeti kuukuu liitwalo Al-Urwa Al-Wuthqa. Gazeti hilo lilitolewa Paris mwaka 1884 na Sayyid Jamaluddin Al-Afghani pamoja na Sheikh Muhammad Abduh, wote wawili wakiwa uhamishoni. Zilitoka nakala 18 tu, katika muda wa miezi michache, zikipelekwa bure kwa maulamaa na wakubwa wa nchi za Kiislamu. Waingereza wakalipiga marufuku lisiingie Misri wala Bara Hindi, likafa kabla ya mwaka kutimia.

Aliposoma nakala ile ya kwanza aliona kana kwamba amefunuliwa pazia. Mpaka wakati huo alidhani kwamba kuitumikia dini ni kuwaonya watu juu ya maasi na kuwakumbusha akhera. Sasa alielewa kwamba Waislamu ni umma mmoja, na kwamba udhaifu wao una sababu zinazoweza kuelezwa na kutibiwa. Akatafuta nakala zilizobaki, akazipata kwa mwalimu wake Sheikh Al-Jisr, akazinakili zote kwa mkono wake.

Na hapa pana jambo la kufikiri. Gazeti lile lilikuwa limekwisha kufa miaka mingi. Walioliua walidhani kazi imekwisha. Lakini nakala chache zilizosahauliwa katika nyumba ya kijijini zilimpata kijana mmoja, na kijana huyo akaja kufanya kazi ya miaka 37. Kwa hivyo mtoaji wa gazeti asihesabu wasomaji wa leo tu, kwani hajui ni sanduku la nani litakalofunguliwa kesho.

Alitamani kwenda Istanbul kuwa mwanafunzi wa Sayyid Jamaluddin, lakini Sayyid Jamaluddin akafariki mwezi wa Machi 1897. Basi akaazimu kwenda kwa Sheikh Muhammad Abduh, ambaye alikuwa amekwisha rejea Misri. Mwisho wa mwaka ule akapanda meli Beirut pamoja na mwenzake wa mjini kwao, Mkristo aitwaye Farah Antun, ambaye naye alikuja kuwa mwenye jarida. Na mwanzo wa mwaka 1898 akafika Misri.

MISRI NA MAGAZETI YAKE

Yafaa kuuliza kwa nini alichagua Misri. Katika nchi ya Sham mwandishi hakuweza kuandika neno ila lipite kwanza kwa mkaguzi wa Sultani. Misri ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu mwaka 1882, na huo ulikuwa msiba. Lakini kalamu ilikuwa na nafasi kuliko mahali pengi katika nchi za Kiarabu. Tena Misri ilikuwa na mitambo ya kupiga chapa tangu zama za Muhammad Ali Pasha, aliyeanzisha matbaa ya serikali huko Bulaq, na aliyetoa gazeti la serikali mwaka 1828. Ilikuwa na reli, ilikuwa na posta iliyotengenea, na ilikuwa na watu wasomao.

Jambo la kusikitisha ni kwamba walioitangulia fursa hiyo wengi wao hawakuwa Waislamu. Gazeti la Al-Ahram lilianzishwa Iskandaria na ndugu wawili Wakristo kutoka Lebanon. Jarida la elimu la Al-Muqtataf lilizaliwa Beirut mwaka 1876, kisha likahamia Cairo. Jarida la Al-Hilal lilianzishwa mwaka 1892 na Jurji Zaydan, naye ni Mkristo wa Beirut. Hatuwalaumu kwa hayo, bali walistahiki sifa kwa bidii yao. Lakini Mwislamu aliyetaka kusoma khabari za elimu, historia na maendeleo ya dunia ilimpasa asome kwa watu hao. Upande wa Waislamu lilikuwako gazeti la Al-Muayyad la Sheikh Ali Yusuf, lililoanza mwaka 1889, na kazi yake kubwa ilikuwa siasa. Jarida la kuwaeleza Waislamu dini yao kwa lugha ya zama zao lilikuwa halijapata mtu.

KUANZA KWA AL-MANAR

Sayyid Rashid alimwendea Sheikh Abduh na kumweleza azma yake. Sheikh alisita kwanza, kwani magazeti yalikuwa tele na watu wakipenda siasa kuliko mafunzo. Mwisho aliridhia, akampa nasaha tatu: asijitie katika chama chochote, asishughulike kuyajibu magazeti yatakayomtukana, na asiifanye kalamu yake kuwa mtumishi wa mkubwa yeyote. Sayyid Rashid alizikubali, na katika majina aliyoyapendekeza likachaguliwa jina la Al-Manar, yaani mnara wa taa unaowaongoza mabaharia usiku. Sisi watu wa bandari hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Nakala ya kwanza ilitoka katika mwezi wa Shawwal 1315, yaani Machi 1898. Lilikuwa gazeti la kila wiki la kurasa nane. Baadaye likapanuliwa na kuwa jarida la kila mwezi. Zilipigwa chapa nakala 1,500 na kupelekwa kwa watu wa Misri na Sham waliojulikana majina yao. Nyingi katika zilizopelekwa kwa watu wa Misri zikarudishwa. Zilizokwenda Sham zikakutana na amri ya serikali ya Kituruki ya kulizuia gazeti lisiingie katika mamlaka yake, na jamaa zake waliobaki nyumbani wakasumbuliwa kwa ajili yake. Akapunguza idadi ya nakala, na kwa muda wa miaka mitatu au minne wanunuzi wake walikuwa mia chache tu.

Mtu mwingine angalifunga duka. Yeye aliendelea, akijiandikia mwenyewe, akijisahihishia mwenyewe, na makaratasi yasiyouzwa akiyaweka. Baada ya mwaka wa tano likaanza kukua, na ulipofika mwaka wa kumi na mbili watu wakawa wanazitafuta nakala za mwaka wa kwanza, zikauzwa kwa bei mara nne ya bei yake ya asili. Zilezile zilizorudishwa bila kufunguliwa!

YALIYOKUWAMO NDANI YAKE

Sehemu iliyotangulia katika kila nakala kwa miaka mingi ilikuwa Tafsiri ya Qurani. Sheikh Abduh alianza kutoa darasa za tafsiri katika Al-Azhar mwaka 1899, kwa shauri la Sayyid Rashid. Mwanafunzi akiandika anayoyasikia, kisha akiyapanua, akimwonyesha mwalimu wake, na kuyatangaza katika gazeti. Sheikh alipofariki mwezi wa Julai 1905 alikuwa amefika katikati ya Suratun-Nisaa. Sayyid Rashid akaendelea peke yake. Hiyo ndiyo Tafsiri ya Al-Manar, iliyokusanywa baadaye katika mijaladi 12. Kwa njia hiyo darasa iliyokuwa ikisikilizwa na watu waliokaa chini ya nguzo moja ya Al-Azhar ikawa inasomwa na mtu aliyeko Java, na mtu huyo hana nauli ya kwendea Misri.

Sehemu ya pili ni fatwa. Wasomaji wakiuliza, na Sayyid Rashid akijibu hadharani, mbele ya watu wote. Masuala yalitoka Urusi, Bosnia, Bara Hindi, Singapore na Afrika ya Kusini. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal walimwuliza Sheikh Abduh, aliyekuwa Mufti wa Misri, juu ya kuvaa kofia za Kizungu, kula nyama iliyochinjwa na Wakristo wa huko, na Mshafii kusali nyuma ya Mhanafi. Aliporukhusu yote matatu kulizuka kelele kubwa katika magazeti ya Misri, na Al-Manar ndilo lililosimama kuitetea fatwa hiyo kwa dalili. Watu waliuliza pia juu ya mambo mapya yaliyowajia, kama Qurani kusikika katika santuri, na noti za karatasi na zaka yake. Fatwa hizo zilikuja kukusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mijaladi sita.

Njia yake katika majibu ilikuwa moja: kutaja dalili. Hakutosheka kumwambia muulizaji kwamba kitabu fulani kimesema hivi. Na hiki ndicho kilichowaudhi wengi, kwani mtu akizoea kupewa dalili, kesho atamdai mwalimu wake dalili.

Sehemu nyingine zilikuwa khabari za nchi za Kiislamu, majibu kwa mapadri waliokuwa wakiushambulia Uislamu, na makala juu ya malezi na madrasa. Juu ya makaburi na bidaa aliandika kwa ukali. Hatusemi kwamba kila alilolisema ni sawa. Yako masuala ambayo maulamaa wakubwa walimkhalifu, na iko mahali ukali wake ulipita kiasi. Lakini mwenye kutaka kumrudi na amrudi kama yeye alivyowarudi wengine, kwa kuitaja hoja yake kamili kisha kuivunja. Kumtia mtu jina baya barazani si jibu.

FEDHA ZA GAZETI

Wengi wadhani kwamba mwenye gazeti ni tajiri. Basi na tueleze mambo yalivyo. Kitabu hupigwa chapa mara moja, kikauzwa taratibu hata miaka kumi. Gazeti haliwezi kungoja. Karatasi, wino, ujira wa wapanga herufi na stampu za posta vyote hulipwa kabla msomaji hajaona neno. Fedha za msomaji huja baadaye, nazo huja zikipenda. Al-Manar halikuwa na matangazo ya biashara ya kuliendesha kama magazeti ya siasa, wala halikuwa na chama nyuma yake. Lilitegemea ada ya mwaka ya wasomaji wake, waliotawanyika katika nchi ambazo mwenye gazeti hakuweza kwenda kubisha hodi.

Katika wasomaji hao wako waliolipa kwa wakati, na wako waliopokea gazeti mwaka baada ya mwaka bila ya kulipa. Sayyid Rashid aliwakumbusha mara kwa mara katika kurasa zake. Ni ajabu ilioje, mtu kupokea mafunzo juu ya haramu ya kula mali ya watu kwa batili, akayasoma, akayasifu, na karatasi yenyewe aliyoshika mkononi hakuilipia!

Ili kujisaidia alianzisha matbaa yake mwenyewe, Matbaa ya Al-Manar, akapiga chapa vitabu vya Sheikh Abduh na vitabu vikubwa vya wazee waliotangulia. Humo kilipigwa chapa Al-Mughni cha Ibn Qudama, na Tafsiri ya Ibn Kathir. Baadhi ya kazi hizo zililipiwa na Mfalme Abdul-Aziz bin Saud wa Najdi na Hijazi. Na kwa kuwa Sayyid Rashid alimtetea mfalme huyo kwa nguvu tangu alipoiteka Makka mwaka 1924, adui zake walisema kwamba amenunuliwa.

Hili ni tuhuma zito, kwa kuwa Sheikh wake alimwusia asimtumikie mkubwa yeyote. Msomaji mwadilifu atatazama mambo mawili. La kwanza, rai yake juu ya makaburi na bidaa ilikuwa imeandikwa na kutangazwa kwa zaidi ya miaka 20 kabla Ibn Saud hajaingia Makka, wala hakuibadilisha kwa ajili yake. La pili, mtu aliyenunuliwa huonekana bei yake katika nyumba yake. Na Sayyid Rashid aliishi miaka yake ya mwisho katika dhiki na akafa akidaiwa. Hata hivyo sisi twaona kwamba tuhuma kama hizo zisingalipata njia lau wasomaji wake wote wangalilipa deni lao. Gazeti lisilolishwa na wasomaji wake hutafuta pa kula. Na hata likila halali, watu hawataacha kuuliza limekula wapi.

MADRASA YAKE, SAFARI ZAKE NA MABALAA YALIYOMPATA

Mwaka 1908 dola ya Kituruki ilirejesha katiba, na Sayyid Rashid akaweza kurudi Sham baada ya miaka kumi. Akakaribishwa kutoa darasa katika msikiti mkubwa wa Bani Umayya mjini Damascus. Katikati ya darasa akasimama mtu kumpinga katika suala la kutaka msaada kwa mawalii, zikazuka kelele na ghasia, na maisha yake yakawa katika khatari. Ikambidi atoke mjini. Waliomchochea umma wengi wao walikuwa hawajui alichokisema. Waliambiwa tu kwamba amekuja mtu asiyewaheshimu mawalii.

Mwaka uliofuata alikwenda Istanbul, akakaa kiasi cha mwaka mmoja akiomba msaada wa kujenga madrasa ya kutoa walinganiaji wa dini. Aliahidiwa mengi na hakupewa kitu. Akarudi Cairo, akaifungua madrasa hiyo mwaka 1912 katika kisiwa cha Rawda, kwa jina la Daru-Daawa wal-Irshad, akipokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali. Mwaka huohuo akaalikwa Lucknow, Bara Hindi, kuongoza mkutano wa Nadwatul-Ulamaa, na katika kurejea akapita Maskati na Kuwait. Vita vya mwaka 1914 vikaiua madrasa, na gazeti nalo likapata taabu kubwa. Ndiyo maana miaka ni 37 na mijaladi ni 35, na wa mwisho haukutimia.

Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa raisi wa Baraza la Sham mjini Damascus, lakini baada ya miezi michache Wafaransa wakaingia kwa nguvu, na hilo likavunjika. Mwaka 1921 akaenda Geneva pamoja na wajumbe wa Sham na Palestina kudai uhuru wa nchi zao. Mwaka 1926 alihudhuria mkutano wa Waislamu Makka, na mwaka 1931 mkutano wa Baitul-Maqdis. Kila aliporudi, alikuta meza yake inamngoja na gazeti halijakwisha.

TAA YAKE ILIVYOFIKA MBALI

Mwaka 1906 wanafunzi na marafiki wa fikra hii walianzisha Singapore jarida la Al-Imam, kwa Kimalayu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wakitafsiri humo makala za Al-Manar. Mmoja wa waanzilishi wake, Sheikh Tahir Jalaluddin, alikuwa amesoma Misri na kujuana na Sayyid Rashid. Mwaka 1911 likatoka Al-Munir huko Padang, kisiwani Sumatra. Na mtu mmoja wa Borneo, Sheikh Muhammad Basyuni Imran, aliandika barua kwa Al-Manar kuuliza kwa nini Waislamu wamerudi nyuma na wengine wametangulia. Sayyid Rashid akampa suala hilo rafiki yake Amir Shakib Arslan, na jawabu lake likawa kitabu mashuhuri kilichosomwa na dunia nzima ya Kiislamu. Kitabu hicho asili yake ni barua ya msomaji.

Na taa hiyo ilifika kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa msomaji wa maandishi ya Sheikh Abduh na Sayyid Rashid. Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwaandikia watu wa pwani hii juu ya kusomesha watoto, juu ya israfu za arusi na matanga, juu ya uvivu na kuuza mashamba, kwa lugha ambayo mama nyumbani akisomewa ataifahamu. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944. Magazeti yale mawili hayakudumu miaka mingi, kwa sababu zilezile tulizozitaja: mikono ya kazi ni michache, na mikono ya kulipa ni michache zaidi. Lakini kila halaka inayosoma na kuandika katika mji huu ina deni kwake, na yeye hakukana deni lake kwa waliomtangulia.

KUFA KWAKE

Mwezi wa Agosti 1935 Sayyid Rashid alikwenda Suez kumsindikiza Amir Saud, mwana wa Mfalme Abdul-Aziz, aliyekuwa akisafiri. Umri wake ulikuwa umefika miaka 70, naye alikuwa dhaifu. Hakukubali kulala huko, akataka kurudi Cairo siku hiyohiyo. Njiani ndani ya motokaa akafariki, tarehe 23 Jumadal-Ula 1354, sawasawa na 22 Agosti 1935. Akazikwa Cairo.

Aya ya mwisho aliyoifasiri katika Al-Manar ni ile ya 101 katika Surat Yusuf, na hiyo ni dua ya Nabii Yusuf (a.s.) ya kuomba afishwe hali ya kuwa Mwislamu na akutanishwe na watu wema. Hapo kalamu ikasimama. Twamwomba Mwenyezi Mungu aikubali dua hiyo kwake na kwetu.

Mwaka 1939 Sheikh Hasan Al-Banna alijaribu kulifufua Al-Manar, akatoa nakala chache, kisha likazimwa. Hapana tena mtu aliyeweza kulibeba.

LA KUZINGATIA

Ndugu zetu Waislamu, mtu huyu hakuwa na cheo katika Al-Azhar, hakuwa mufti wala kadhi, na mji alioutumikia haukuwa mji wake. Silaha yake ilikuwa kalamu, karatasi, na posta. Kwa silaha hiyo aliwafikia watu ambao mufti hawakumfikia. Wala hakushinda kwa wingi wa wasomaji, kwani tumeona jinsi walivyokuwa wachache. Alishinda kwa kutokuacha.

Basi tukiulizana kwa nini magazeti ya Kiislamu pwani yetu huzaliwa na kufa, tusikimbilie kuwalaumu waandishi peke yao. Kila gazeti lina watu wawili: aandikaye na asomaye. Mwandishi akidanganya au akijipendekeza, amekhini amana. Na msomaji akisoma asilipe, akiona kosa asiandike kulirekebisha, akiona faida asimfikishie jirani yake, naye amekhini sehemu yake ya amana hiyo. Sayyid Rashid alitimiza upande wake mpaka siku ya kufa. Upande wa pili ni wetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye, na Sheikh wake, na Sheikh wetu Al-Amin, na atujaalie katika wenye kusikia neno wakafuata lililo bora. Amin.